Dawa ya Mashine ya Rehani

Rehani wa Mlingotini alikuwa mtu wa hasira, na asikudanganye mtu kwamba zilikuwa hasira za uzeeni. Alizaliwa nazo. Akiwa mtoto alimpiga teke mbuzi wa shangazi yake kwa kosa moja tu, kwamba mbuzi kamtazama. Akiwa kijana aliacha harusi ya rafiki yake katikati ya pilau kwa sababu mtu mmoja aliyekaa sinia moja naye alisema boti zenye mashine ni anasa za Wazungu. Alinawa mikono, akachukua kofia yake, akaenda zake na njaa yake.

Lakini hasira hizo zilikuwa na mahali pa kupumzika. Ungemkuta ndani ya boti ya Bwana Seleman bin Ausi, ameinama, mikono imezama ndani ya mashine mpaka viwikoni, ungesema si yeye. Hapo alikuwa mpole, anasema na chuma taratibu, anafuta kila parafujo kwa kitambaa chake kana kwamba anamwogesha mtoto mchanga.

Mashine yenyewe ilikuwa ya petroli, ya silinda mbili, kuukuu hasa. Zamani ilikuwa ya Mzungu mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akiitumia kwa matembezi yake ya Jumapili. Mzungu aliporudi kwao mwaka 1931, marehemu mzee Ausi, babaye Seleman, aliinunua, akaitia katika boti yake ya tanga iliyokuwa ikichukua chumvi Saadani kuileta Bagamoyo. Boti ilibaki na mlingoti wake na tanga lake, ila tangu siku hiyo haikuhitaji tena kungoja upepo ili kuingia na kutoka. Na siku hiyo hiyo mzee Ausi alimwajiri Rehani, maana pwani yote kuanzia Mbegani kwenda kaskazini hakukuwa na mtu mwingine asiye na kazi aliyeweza kuifungua mashine ile na kuifunga tena bila kubakiwa na vyuma mkononi.

Kiti cha mashine kikawa chake. Mzee Ausi akafa, Seleman akarithi, na mpaka mwaka 1953 Rehani alikuwa bado pale. Mashine za umri ule zote zilikuwa zimekwisha kutupwa, kuku wanatagia ndani yake. Ya Rehani ilikuwa inakwenda. Watu walikuwa wakijiuliza kwa nini, na pale Mlingotini jibu alikuwa nalo yeye peke yake, naye aliapa kwamba hatalitoa.

Jibu lilikuwa hili. Kila debe moja la petroli alilitilia kikombe kimoja cha kahawa cha oili nyepesi. Akakoroga kwa kijiti, akachuja kwa kitambaa cha bafta, akamimina tangini. Basi. Hakuna zaidi. Petroli ni kavu, na ikipita kwenye valvu inaziacha kavu vile vile. Hewa ya chumvi nayo inamalizia kazi. Valvu kuukuu zikikauka zinang'ang'ania, mashine inakohoa, inazima. Ile oili kidogo inapanda pamoja na petroli mpaka kule juu ambako oili ya chini haifiki, inalainisha. Ukizidisha, unapata moshi na masizi kwenye plagi. Ukipunguza, ni kama hukutia kitu. Rehani alifundishwa hivyo na fundi mmoja wa Kihindi katika gereji moja ya Dar es Salaam, alikofanya kazi ya kusugua vyuma kwa miaka minne akitukanwa asubuhi mpaka jioni.

Sasa mtu atauliza, kitu chepesi namna hiyo kinafichwa cha nini? Hapo ndipo penye donda lake. Kabla ya mzee Ausi, Rehani alikuwa fundi wa boti nyingine, ya Bagamoyo, na alikuwa na rafiki yake wa chanda na pete aliyeitwa Bwanausi. Alimfundisha Bwanausi kila kitu: plagi, kabureta, kikombe cha oili, yote, kwa moyo mweupe. Ramadhani ikaisha, Idi ikaliwa, Rehani akashuka pwani na mkoba wake wa zana, akamkuta Bwanausi amekaa kwenye kiti chake. Mwenye boti alikuwa amempata mtu wa kuifanya kazi ile ile kwa ujira mdogo zaidi. Na Bwanausi, hana hata haya, akamwambia, "Riziki ni ya Mungu, ndugu yangu." Rehani alimpiga ngumi mbili pale pale, na ya tatu angeitia kama watu wasingemshika.

Tangu siku hiyo alifunga mdomo. Katika boti ya mzee Ausi akatundika turubai, na kila alipotaka kuchanganya petroli akaingia nyuma yake, akawapa watu mgongo. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Alikuwa anahesabu madebe na vikombe asije akakosea, hana la ziada. Lakini mabaharia waliochungulia waliona mgongo na midomo, wakasema Rehani anasoma. Anasoma nini? Basi maneno yakaanza. Mara mashine ina jini, mara jini lile lilikuja na Mzungu na halikukubali kurudi naye, mara Rehani ndiye anayelilisha. Ukimwuliza, "Bwana Rehani, inakula nini mashine yako?" alikuwa akijibu, "Inakula inachokula." Akaona watu wanaogopa kuigusa, akafurahi. Uoga wao ulikuwa kufuli ambalo hakulinunua.

Hata mkewe, Mwanvita, alimpa mgongo. Mwanvita alikuwa mtu wa Mkange, mwanamke mkimya, wa kazi, aliyeolewa naye mwaka ule ule ilipokuja mashine. Bati la oili lilikaa uani nyuma ya gunia lililotundikwa, na kikombe kilikaa juu ya mwamba wa ukuta, pale paa linapoanzia, ambako mkono wa mwanamke haufiki. Kikombe hicho hakikuoshwa na mtu, hakikunywewa kahawa. Rehani alikuwa akikishusha mwenyewe asubuhi, akachuchumaa uani nyuma ya gunia, akapima oili ya siku ile, akaondoka nayo.

Mwezi wa saba mwaka ule wa 1953 homa ikamwangusha. Si homa ya kunywa majani ya mwarobaini ukaamka kesho. Ilikuwa homa ya kumtetemesha mpaka kitanda kinagonga ukuta. Siku ya nne Bwana Seleman akaja kumtazama. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, msafi, mwenye adabu zake, lakini biashara ilikuwa inamwasha.

"Shikamoo, mzee Rehani."

"Marahaba."

"Pole na maradhi. Mzee, kuna chumvi inatungoja Saadani, na mnunuzi anaitaka wiki hii. Alhamisi boti lazima iondoke."

"Haiondoki."

"Basi nipe hiyo dawa ya mashine aitie nahodha."

"Dawa haitiwi na mtu mwingine."

"Niambie basi ni nini, ikatafutwe."

"Sikwambii."

Seleman aliitazama kofia yake. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya adabu, "Mzee wangu, safari hii ikikosekana nitakwenda Dar es Salaam nilete fundi mwingine. Nimekustahi kwa ajili ya marehemu baba. Lakini boti si ya kuangaliwa, ni ya kazi."

Loo! Rehani aliinuka na homa yake, akalipiga bakuli la uji likaenda kupasuka mlangoni. "Lete! Lete mafundi kumi! Ilikuwa chuma cha kutupwa ile, nimeifanya mashine kwa mikono hii! Atakayeiwasha mimi nimelala, tutaonana!" Akaanguka chali, jasho linamtoka. Seleman akaaga kwa heshima akaondoka. Mwanvita, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia na kusikia kila neno, aliokota vigae vya bakuli kimoja kimoja, akafuta uji sakafuni.

Alhamisi asubuhi Rehani, kitandani pake, aliusikia mlio wa mashine ukitoka mlangoni mwa ghuba. Aliujua mlio ule kuliko sauti ya mama yake. Wameiwasha! Wameiwasha bila yeye! Alijaribu kusimama, miguu ikamkataa. Akamlaani Seleman, akamlaani nahodha, akailaani homa. Na kilichomuuma kuliko vyote hakuweza kumwambia mtu: alijua fika kwamba safari moja bila oili haiiui mashine. Itakwenda Saadani, itarudi, na watu watasema kumbe Rehani wa nini.

Haikufika. Jumamosi adhuhuri nahodha Mikidadi alisimama mlangoni kwa Rehani anatoa povu. Mikidadi alikuwa baharia wa makamo yake Rehani, mtu wa kelele, aliyekuwa hampendi fundi na fundi hampendi.

"Toka nje, Rehani! Toka uone mashine yako ilivyotutia aibu! Tumefika karibu na mdomo wa Wami, mawimbi yameanza kutuchezesha, ikakohoa mara tatu, kimya. Tumezungusha hendeli mpaka viganja vimetoka malengelenge. Tumetweka tanga, tanga lenyewe limeoza, miaka mingapi hatulitumii! Limepasuka vipande viwili! Siku mbili tunajikongoja kurudi, na Saadani hatukufika. Mnunuzi ameleta lori, kachukua chumvi yake kwa njia ya bara. Bwana Seleman yuko pwani anakungoja."

Homa ilikuwa imemwachia Rehani tangu Ijumaa, ikamwacha mifupa na hasira. Alichukua kapu lake la zana, akashusha kikombe chake, akachukua bati la oili, akatia vyote kapuni na kuvifunika kwa kitambaa. Akatoka. Mwanvita alijitanda kanga akamfuata, hatua kumi nyuma yake. Rehani hakugeuka kumwuliza anakwenda wapi.

Pwani palikuwa pamejaa. Seleman alikuwepo, mabaharia wapo, wanawake waliotoka kuchokoa chaza wapo, na Mwalimu Salumu wa chuo cha Kurani naye alikuwepo, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa hapo hapo na makelele yalimtoa kwenye mswala. Rehani hakumsalimu mtu. Alipanda botini, akaanza kufungua.

Kwanza alitazama kile kikombe cha kioo kilichokaa chini ya bomba la petroli, ambamo uchafu hutuama. Akakitazama tena. Akakifungua, akamimina yaliyomo katika sahani nyeupe ya bati, akaiweka juani, watu wote wanaona. Petroli ikakauka upesi. Yakabaki maji. Yalikuwa ya manjano, na Rehani alipoinusa sahani ile, ndani ya harufu ya petroli akakuta harufu ya marashi mawaridi.

Alimpa sahani Mikidadi, Mikidadi akanusa, akampa Seleman. Hapakuwa na mtu pale asiyeijua harufu ile. Wote walikuwa wameyanywa maji hayo utotoni, wakiugua degedege au wakiota ndoto mbaya: Kurani imeandikwa kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa kwa maji na marashi, ukapewa unywe.

"Kombe," Seleman alisema.

"Kombe!" Rehani alipaza sauti. "Maji! Mtu katia maji katika tangi langu la petroli! Nani? Nani mwanaharamu huyo? Miaka ishirini na miwili naichuja petroli kwa bafta, tone la maji lisipite, halafu mtu mzima mwenye akili zake ananimiminia kombe!"

"Ala!" Mikidadi naye akamjia juu. "Unamtukana nani? Si dawa yako ile? Mkeo kaileta Alhamisi alfajiri, chupa imefungwa kitambaa cheupe. Akasema, 'Itieni yote, msibakize.' Nami nikajua umetuma wewe, nikatia yote!"

Rehani akageuka. Mwanvita alikuwa amesimama mchangani, kanga ameishika kidevuni. Hakukana.

Mwalimu Salumu alishika kichwa. "Lahaula! Mama, kombe lile nililiandika kwa udhu wangu, herufi kwa herufi, ukaniambia nyumbani kwako yuko mgonjwa! Maneno ya Mwenyezi Mungu unayatia kwenye petroli?"

"Mgonjwa yupo," Mwanvita alisema.

Basi watu wakapata la kusema. Kaifunga boti. Kamfunga mumewe. Watu wa Mkange hao, wa bara, unawajua? Mwanamke mmoja akavuta mwanawe nyuma yake, kana kwamba Mwanvita atamrukia. Kelele zikapanda mpaka Seleman akainua mkono.

"Mzee Rehani," alisema, "nisikilize. Wewe sina ugomvi nawe. Mashine imekwenda miaka yote kwa dawa yako, imekufa siku ulipoingia mkono wa mkeo. Nilisema nitaleta fundi mwingine, nimeyafuta maneno hayo. Nimeona mwenyewe kwamba bila wewe hapana boti. Lakini siwezi kulala nikijua chupa nyingine itakuja kesho. Mrudishe mkeo kwao Mkange. Sema hapa, mbele ya watu, kwamba lile lilikuwa jambo lake na wewe humo, na kiti chako ni chako mpaka ufe."

Ni nani asiyeelewa alichopewa hapo? Kiti chake mpaka afe, na siri yake salama, tena imepata nguvu kuliko zamani. Bei yake ilikuwa maneno mawili na mwanamke mmoja. Na Rehani, aibu hii alikuja kuibeba mwenyewe baadaye, alisimama akaifikiria. Aliitazama mashine. Alimtazama mkewe aliyemharibia. Hasira zilikuwa zimemjaa mpaka kooni, na zote zilimwelekea yeye Mwanvita, na ingekuwa rahisi mno kufungua mdomo.

Mikidadi ndiye aliyempokonya nafasi hiyo, kwa mdomo wake mrefu. Alitema mate mchangani, karibu na miguu ya Mwanvita, akasema, "Mchawi huyu."

"Mchawi mama yako!" Rehani aliruka kutoka botini na maji yakamrukia kila mtu. "Mchawi nani? Unaujua uchawi wewe, usiyejua plagi wala sufuria? Mnataka dawa? Haya, njooni! Sogeeni wote! Nyie akina mama, sogeeni! Mwalimu, na wewe tazama!"

Akapanda tena botini, akalitoa turubai, akalitupa majini. Akafungua tangi akamwaga yote yaliyokuwemo, akafuta, akapuliza mabomba, akakausha kabureta kwa kitambaa, na anachofanya anakitaja kwa sauti kama mnadi wa samaki. Akaomba debe jipya la petroli. Akafunua kapu.

"Hiki kikombe cha kahawa! Kikombe, mnakiona? Cha kahawa! Na hii ni oili. Oili! Inauzwa Bagamoyo kila siku ya Mungu, hata mtoto akitumwa anapewa. Debe moja, kikombe kimoja. Unakoroga. Unachuja. Unatia. Kwisha! Hakuna jini, hakuna dua, hakuna hirizi, hakuna kafara! Midomo yangu mliyokuwa mkiichungulia ilikuwa inahesabu moja, mbili, tatu! Mke wangu hakuifunga mashine. Kaitia maji kwa kuwa hajui, na hajui kwa kuwa sikumwambia. Sasa aseme mtu tena neno la uchawi!"

Akashika hendeli. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili ikapiga chafya, ikatoa moshi. Mara ya tatu ikashika, na mlio wake ukatulia, wa kupendeza, ule ule aliousikia kitandani. Rehani akashuka majini, kikombe mkononi.

Mtu mmoja akacheka. "Kumbe!" Kicheko kikaenea. Kikombe cha kahawa! Na sisi tulivyokuwa tunaogopa! Hata Mwalimu Salumu alitabasamu ndani ya ndevu zake. Seleman alikichukua kikombe mkononi mwa Rehani, akakigeuza juu chini, akitafuta kitu kingine ndani yake.

"Ndiyo hiki tu, mzee?"

"Ndiyo hicho."

"Nahodha, umeona kipimo?"

"Nimekiona," Mikidadi alisema, na uso ulikuwa umemkunjuka. "Debe moja, kikombe kimoja."

"Basi mzee Rehani, wewe bado hujapona vizuri," Seleman alisema kwa adabu zake. "Nenda kapumzike. Ikiharibika tutakuita." Akampa Mikidadi kikombe.

Rehani alisimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, mkono bado umenyooka kama anangoja arudishiwe. Hakuna aliyemrudishia. Mikidadi alikuwa tayari amekaa kwenye kiti, anaikoleza mashine na kuipunguza, anaikoleza na kuipunguza, anacheka kama mtu aliyepewa mke wa pili.

Akapanda mchangani kwa mkewe. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anataka kitu kwa mtu. Alitaka ashukuriwe.

"Umeona?" alimwambia. "Umeona nilichopoteza kwa ajili yako? Ningekaa kimya ningekuwa mimi pale. Nimekutoa kwenye midomo ya watu kwa riziki yangu."

Mwanvita hakumshukuru. Alikuwa anaitazama mashine, na uso wake Rehani hakupata kuuona hivyo hata siku moja.

"Oili," alisema.

"Oili."

"Ya dukani."

"Ya dukani, nimekwambia. Mbona unaniuliza kama hukusikia?"

"Rehani," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa akimwita Bwana, kama walivyofundishwa wanawake wa umri wake, na jina lile tupu lilimpiga mumewe kama kofi. "Rehani, tumezika wawili."

Watoto hao hawakutajwa tangu mwanzo wa habari hii kwa sababu Rehani mwenyewe hakuwa akiwataja. Walikuwa msichana, Ashura, na mvulana, Mrisho, wote walikufa bado wananyonya. Aliwazika, akarudi pwani, na mtu akimpa pole alikuwa akiitikia huku anatafuta spana.

"Ashura kafa wiki ile ile mashine yako ilipokufa ukaifufua," Mwanvita alisema. Hakupaza sauti, lakini kila neno lilitoka limekazwa. "Mrisho kafa mwaka ulipoitia tangi jipya. Wanawake wakaniambia kisimani, mumeo ndiye anayelilisha lile jini, we huoni? Nikawafukuza. Kisha nikakuona mwenyewe, umechuchumaa nyuma ya gunia, umenipa mgongo, midomo inakwenda, na kikombe kisichonywewa na mtu. Nikaamini. Unanisikia? Nikaamini kwamba wewe ndiye uliyewatoa wanangu kwa chuma kile. Na nikakaa! Nikakupikia, nikakufulia, nikalala kitanda kimoja na mtu aliyekula wanangu, kwa kuwa nilisema si yeye, jini limemkamata, iko siku nitamtoa. Umelala na homa, nikasema ndiyo siku yenyewe. Nikakuandikishia kombe, nikalipeleka mashineni likalitoe jini lile. Mgonjwa niliyemwambia Mwalimu ni wewe."

Mikidadi aliongeza moto, mashine ikanguruma, ikambidi Mwanvita angoje ishuke.

"Miaka yote hiyo," alisema, "kwa kikombe cha oili."

Rehani alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kile alichokizoea, ukali. "Sasa kwa nini hukuniuliza? Mtu una mdomo! Ungeniuliza!"

"Nilikuuliza."

"Lini?"

"Siku ya tatu ya msiba wa Ashura. Watu wametawanyika, wewe umeshika bati lako unakwenda pwani. Nikakushika kanzu nikakuuliza, Bwana, unatia nini katika kitu kile? Ulinijibu nini?"

Alimkazia macho, anangoja. Rehani alikuwa anakumbuka. Alikumbuka mpaka mkono wake ulivyoivuta kanzu kutoka katika vidole vya mkewe.

"Niambie ulinijibu nini."

"Nilikwambia ukakoroge chungu chako," Rehani alisema.

Mwanvita alijitanda kanga yake vizuri, akaingia njia ya nyumbani. Wiki iliyofuata kaka yake, aliyeitwa na Mwanvita mwenyewe, alikuja na punda kumchukua kwenda Mkange, na Rehani alitoa kitanda cha mkewe mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, akakipakia juu ya punda.